Mgongo wa Njia

Bonde la Mierezi, Missouri
Mwishoni mwa Aprili

Kaka yangu Wendell,

Pokea salamu zangu, na unifikishie kwa wifi Carla na watoto. Natumaini joto la Arizona halijaanza kuwachoma. Ukituuliza sisi huku, tu wazima. Mvua imenyesha mpaka vyura wamechoka kuimba, na mgongo unaniuma, lakini maumivu yake nimeyafanyia kazi. Ninaandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi: nikivuta pumzi tu, umeshafunga mkutano. Karatasi haikatizwi, kwa hiyo keti usome mpaka mwisho.

Unakumbuka tulipoachia. Nyonga ya Mama ilikuwa imeungwa na hospitali ilikuwa tayari kumruhusu, ila dereva wa gari la wagonjwa alikuja kwanza kuitazama njia yetu. Alisimama kwenye sanduku la barua, kule njia inapoanzia, akapanda kwa miguu hadi kwenye kona, akarudi na tope magotini. Aliniambia kwa upole kwamba gari lake halipandi pale, na kwamba mwenye nyonga iliyotoka kuungwa akirushwarushwa kwenye mashimo yale itabidi aungwe tena. Nikakupigia. Ukasema njia ile haina mwenyewe tangu Baba afariki, kwamba mimi ni mwalimu wa piano nisiyejua hata kubadilisha tairi, kwamba Mama apelekwe nyumba ya wazee mjini na shamba liuzwe. Kuhusu tairi hukukosea.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na baridi. Nikachukua kofia na koti la Baba kwenye msumari wa ghalani, nikavaa, nikalifunga nyuma ya trekta lile sanduku la chuma la kusawazishia njia, lenye makali chini na meno mbele. Nikaondoka kwa mbio, nikidhani mwendo ndio kazi. Sanduku lilirukaruka kama mbuzi. Kufikia mchana mashimo yamefunikwa kokoto laini, nami nimejaa kiburi. Ikanyesha mvua moja tu, mashimo yakarudi yote, na katikati yao njia imekuwa kama bati.

Mzee Pruitt, jirani yetu, alisimamisha gari lake, akatema tumbaku, akaniuliza kama nimeanza kilimo cha mawimbi. Kisha akawa mpole kidogo. Alisema alipoiona ile kofia kwa mbali moyo ulimruka, akadhani ni Baba. Baba, alisema, alikuwa akiinua vidole viwili juu ya usukani kusalimia, bila hata kugeuza kichwa, na bonde zima halijapata mtu wa kusawazisha njia kama yeye. Nilirudi ndani nimenyong'onyea.

Jioni nikampigia Mama hospitalini. Nilitaka pole, nikapewa darasa. Alisema nimekata nywele za mashimo nikaacha mizizi. Niifupishe ile skrubu ndefu ya juu inayoliunga sanduku na trekta, mpaka sanduku liiname mbele, meno yashuke hadi chini ya shimo refu kuliko yote, niivuruge njia nzima kama shamba la viazi, na nisiogope ikitisha. Nilipomwambia nitaagiza kokoto, alifoka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Kokoto zipo, alisema, zimelala pembeni chini ya majani, na aliyezisukuma huko ni Wendell, ile Sikukuu ya Shukrani alipotaka kutusaidia. Samahani, kaka, ninanukuu tu. Nizirudishe katikati, kisha niirefushe skrubu ili sanduku lilambe badala ya kuuma, nilivute kwa gia ya chini kabisa, polepole kama mtu anayepeleka sadaka asiyotaka kuitoa. Na katikati pawe juu kuliko pembeni. Njia isiyo na mgongo, alisema, ni mtaro uliovaa nguo za njia.

Basi nikafanya hivyo hivyo. Nilipoivuruga yote nilitaka kulia, maana sasa hata mbwa hakuweza kupita. Lakini kokoto zilitoka majanini nyeupe na tele, na kila nilipopita njia ilizidi kuinuka katikati. Wendell, sijawahi kucheza wimbo wowote ukanitii namna ile. Mvua ilipokuja nilisimama kibarazani nikaona maji yanagawanyika, haya kushoto, haya kulia, hakuna yaliyotuama. Nilipiga kelele peke yangu.

Gari la wagonjwa lilipanda Jumanne bila kuyumba. Kwenye kona Mama aliamuru lisimame na dirisha lishushwe. Akatazama kwa muda mrefu. Akasema upande wa ule mwerezi wa kwenye kona nimeulaza mno, niurudie kesho.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Tulipokuwa tunakula mikate midogo ya moto na mchuzi wa soseji, nilimuuliza kama ni Baba aliyemfundisha yote haya. Aliweka uma chini. Aliniambia Baba hakupanda trekta hata siku moja tangu ile iliyompindukia ndugu yake, Amu Lyle, na kumuua. Alikuwapo, alijaribu kuiinua kwa mikono mitupu, na tangu hapo akisikia injini ya trekta tu alitetemeka. Ndiyo maana majani ya mifugo alimwachia Pruitt ayakate, wagawane nusu kwa nusu. Alikuwa akifanya zamu za usiku kwenye kiwanda cha mbao, asubuhi amelala, sisi tuko shule, na Mama anavaa kofia na koti la Baba anakwenda njiani. Wapitao wakipunga mkono, anainua vidole viwili bila kugeuza kichwa, wasije wakauona uso. Mama alisema mwanamume anayeogopa trekta asingepata amani katika bonde hili, na yeye alimpenda kuliko alivyopenda sifa.

Unakumbuka Baba akisifiwa kanisani kwa njia yetu, akifika nyumbani alikuwa akiosha vyombo vyote kimya kimya? Tulidhani ni unyenyekevu.

Njia haikuharibika kwa sababu Baba alikufa, Wendell. Iliharibika kwa sababu mwaka uleule nyonga ya Mama ilianza kumsumbua, na hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo lile neno lako kwamba njia haina mwenyewe, lirudishe mfukoni. Mwenyewe yuko jikoni, anagombana na mkongojo wake, na shamba haliuzwi.

Mama ameniruhusu nikwambie wewe. Mzee Pruitt asijue kamwe. Leo asubuhi alipita nikiwa upande wa mwerezi, nikamwinulia vidole viwili.

Njooni Julai, vitanda vipo. Kwenye kona usikanyage breki ghafla, na trekta usiiguse. Wabusu watoto. Mama anakusalimu sana. Nilipotaka kuirudisha kofia ya Baba kwenye msumari, alinivalisha tena kwa mkono wake, akasema nisijali, tangu zamani ilikuwa yake yeye, si ya Baba.

Dada yako akupendaye,
Retha