Mnavu wa Jana Umwage

Mama, shikamoo.

Nateremka hospitali Same na mjukuu wako Ikupa. Anatapika tangu alfajiri, tumbo limemjaa. Makande yapo jikoni. Mbuzi hawajakatiwa majani.

~~Usimpikie tena.~~ Mpikie, mama, ila mboga zake usizikatie kwenye kibao cha chapati. Nimekiona asubuhi hii: majani ya mnavu wa jana yamegandia kwenye unga wa ngano. Mnavu hauna kosa. Daktari alichokataza ni ngano, hata vumbi lake, nawe ukasema namdekeza tu.

Naogopa, mama. Hapa mgongoni amelegea, lakini ameniuliza kama umemwekea mnavu wa jioni. Nimemwambia ndiyo.

Ule wa jana umwage. Mchumie mwingine.

Mkweo,
Mama Ikupa