Mvumo Juu ya Sauti ya Magreti

Jumatano, 4 Oktoba 2006

Nimeua kompyuta. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, tena baada ya kusoma maelekezo mara mbili!

Niandike kwa utaratibu. Saa nne na dakika ishirini asubuhi niliingiza disketi niliyojaziwa kwenye intaneti kafe karibu na stendi. Ndani yake kuna BIOS mpya, ile programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya kitu kingine chochote. Watengenezaji wanasema toleo hili linatuliza feni. Onyo liliandikwa kwa herufi nyekundu: umeme usizimwe kazi ikiendelea. Nikatazama ratiba ya mgao wa umeme ukutani. Magomeni yetu, hapa Kilosa, ni Alhamisi, saa sita mchana. Leo Jumatano. Nikabonyeza.

Asilimia sitini na mbili — giza. Betri ya kompyuta ilikufa mwaka juzi. Hapakuwa na cha kuishikilia.

Umeme ulirudi saa nane. Kompyuta haikurudi. Kitaa cha kijani kinawaka, skrini nyeusi.

Ndani mna sauti ya Magreti.

Alhamisi, 5 Oktoba

Sijala tangu jana.

Kompyuta hii ya mapajani aliniachia mwanetu Filipo alipohamia Dar. Agosti 2004 nilimketisha mke wangu Magreti mbele ya mashine, inarekodi, ataje nyumba za Migudeni, kijiji chetu, kama zilivyokuwa kabla hatujahamishwa mwaka 1964 ili ardhi iwe hifadhi. Alizitaja kwa Kividunda, moja moja, kuanzia kijitoni kwenda juu. Kumi na saba. Yetu hakuitaja. Nilidhani amesahau. Alipomaliza, mbuzi wa jirani waliingia kwenye mihogo, nikatoka mbio kuwafukuza. Sikuzima.

Amefariki Aprili mwaka jana. Tangu hapo nimezisikiliza zile nyumba pengine mara mia, na kila mara nazima kwenye ya kumi na saba. Mwezi uliopita nilipitiwa, ikaendelea. Mlango. Mbuzi. Kimya. Kisha Magreti, peke yake chumbani, anasema kitu kwa sauti ya chini. Kama sentensi nne hivi. Feni inavuma juu yake. Sikushika hata neno!

Ndiyo maana nilitaka feni inyamaze.

Leo nimempelekea Kasian, fundi simu wa sokoni. Kaifungua, kainusa, kaniambia mzee, hii imeshaondoka. Akanitafutia nyingine ya mtumba. Diski yangu ataihamishia humo, anipigie Windows mpya. “Inakuwa safi, mzee! Vya zamani vyote vinafutika!” Kwa furaha, kama anayenipa zawadi. Nikaikumbatia yangu nikatoka, skrubu mbili zimebaki mezani kwake.

Jioni jirani yangu Mwamvua kaniletea uji wa futari, ingawa mimi sifungi. Nikamwambia Jumamosi nakwenda Mikumi, kuna fundi anaitwa Kimaren. Akacheka mpaka kikombe kikamwagika. “Mmasai? Ataivika kengele hiyo, aipeleke machungani!” Aliponitazama usoni akaacha. Kasema taratibu: nenda, mzee Mathias. Mama Filipo hata mimi namkumbuka.

Jumamosi, 7 Oktoba

Mikumi. Basi la asubuhi, kompyuta mapajani, imefungwa kwenye kanga ya kijani ya Magreti. Tulipita kijiji cha Masanze njiani, sikuona kitu. Huwa siendi Mikumi. Ukifika unaiona milima ya kwetu kwa ng'ambo ya pili, ile ile, ila upande mwingine.

Kimaren ana miaka kama thelathini na mitano. Koti la bluu la ufundi, masikio yametobolewa. Shikamoo mzee. Marahaba. Hakuigusa kompyuta kwanza. Aliuliza safari, akauliza nyumbani, akauliza mifugo. Nikasema sina hata mbuzi. Akasema pole sana — na alimaanisha!

Kisha akasikiliza habari yote mpaka mwisho.

“Wewe mzee uliiamini ratiba?”

Nikamwambia nimekuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Kilichoandikwa nakiamini.

“Basi mimi naliamini hili,” akapiga teke jenereta lake.

Akanieleza. Diski ni nzima. Kilichoharibika ni kitasa, vyumba viko salama. Huyo wa Kilosa alitaka kubomoa nyumba kwa sababu ya kitasa? Kwenye mashine, anasema, pamebaki sehemu ndogo sana isiyofutika. Haioni, haisemi, inajua jambo moja tu: kutafuta disketi. Ikipata yenye faili sahihi, inajijenga upya.

Faili alilitoa kwenye disketi yangu. Disketi ya kulitia ndiyo ilikuwa kazi. Yangu ikakataa kuandikwa upya. Ya kwanza kwenye boksi lake ina ukungu. Ya pili mashine ililia mara mbili ikanyamaza. Ya tatu iliandikwa kwa kalamu: Kwaya, Pasaka 2001. Kabla ya kuifuta alihamisha nyimbo zote kwenye kompyuta yake. “Hawa waimbaji siwawezi. Wakija kuziulizia nitahama mji.”

Akabonyeza vitufe viwili, akawasha. Skrini nyeusi. Kitaa cha disketi kikawaka. Ikawa inasaga, inasaga. Nilishika meza. Dakika nne kwa saa yangu. Mlio mmoja. Ikajizima, ikajiwasha —

Maandishi! Nililia mbele ya kijana wa watu.

Saa nane kamili mchana. Skrini ya samawati, mashine inaomba tarehe. Yenyewe imejiandikia 1 Januari 2002, sifuri sifuri, yaani saa sita usiku. Kimaren kasema saa yake imefutika, betri yake ndogo ameweka mpya, sasa niandike tarehe ya leo. Nikaweka vidole. Vikakataa. Nikamuuliza ni lazima? Kasema kompyuta haijali, mzee, itaamini lolote.

Nimeiacha hivyo hivyo.

Kisha tukafungua sauti. Feni kweli imetulia, huisikii kabisa. Lakini mvumo ni ule ule. Kimaren akainamisha sikio kwenye mashine, kisha kwenye spika, kisha tena kwenye mashine. Akasema kwa upole kabisa, kama anayetoa habari ya msiba: “Mzee, mvumo umo ndani ya sauti. Ulirekodiwa pamoja naye.”

Basi haikuwa feni ya leo. Ilikuwa feni ya siku ile. Hakuna BIOS ambayo ingeweza kuizima. Nilimweka Magreti hatarini bure. Bure kabisa!

Kanipa hedifoni zake kubwa. Huenda zikasaidia kidogo, kasema, nitazirudisha nikipita. Mlangoni akaniuliza kwetu hasa ni wapi. Nikanyoosha mkono ng'ambo ya barabara kuu, ndani ya hifadhi. Kasema hata babu yake alikuwa akinywesha ng'ombe huko.

Jumapili, 8 Oktoba

Kanisani. Sijaigusa.

Jumatatu, 9 Oktoba

Sijaigusa.

Alhamisi, 12 Oktoba

Asubuhi nimeshusha madaftari. Nilitaka kujua siku ambayo mashine imejichagulia. Jumanne, 1 Januari 2002, kwa mwandiko wangu, wino mweusi:

“Mvua kidogo. Magreti kapanda kunde. Hakuna la kuandika.”

Ndiyo yote. Alikuwa hai, alikuwa na udongo mikononi, nami nikaandika hakuna la kuandika.

Nikarudi nyuma zaidi, daftari baada ya daftari, mpaka la 1964. Nilikuwa natafuta jina moja. Halimo. Idadi ya malori imo, majina ya madereva yamo, magunia tuliyopakia yamo. Samweli hayumo.

Samweli ni mtoto wetu wa kwanza. Homa ya siku tatu, miaka miwili na mwezi mmoja. Tulimzika nyuma ya nyumba miezi minane kabla ya malori kuja. Migudeni mke wangu aliitwa Mama Samweli, ndilo jina alilojulikana nalo kijiji kizima. Huku Filipo akazaliwa, watu wa huku wakamwita Mama Filipo, nami nikawafuata. Kuanzia siku ile sikumwita tena lile la kwanza. Nilidhani namwepusha na uchungu. Miaka arobaini! Hata siku moja hakunikumbusha.

Saa tano na nusu nimevaa hedifoni za Kimaren. Mvumo. Nyumba ya kwanza, kijitoni. Ya pili. Nimezifuata zote. Ya kumi na saba. Kiti. Mlango. Sauti yangu mimi huko nje, nawapigia mbuzi kelele kama mwendawazimu. Kisha yeye.

Nimerudisha mara sita. Mara ya sita nimeishika sentensi ya kwanza. Hakubadilisha sauti. Alikuwa anaendelea tu na orodha, kwa utaratibu ule ule, baada ya mimi kutoka:

Ya kumi na nane, nyumba ya Mama Samweli.

Nimesimamisha hapo.

Kumbe hakusahau. Alingoja nitoke.

Zilizobaki ni tatu. Kwenye pembe ya skrini ni Jumamosi, 5 Januari 2002, saa nne kasoro dakika kumi usiku. Saa hiyo yuko chumba cha pili, anajipaka mafuta miguuni. Ningeweza kuinuka nikamuuliza.

Mwamvua anapiga hodi. Anauliza kutoka nje, je, mgonjwa uliyempeleka Mikumi amepona?

Kwa saa yangu ya mkononi ni saa sita kasoro dakika kumi, na leo ndiyo siku yetu ya mgao. Zimebaki sentensi tatu, umeme wa dakika kumi, na mimi — naandika.