Samoni kwa Jina Langu

Jumanne, 2 Septemba
Basi limechelewa dakika kumi na mbili. Studio, taarifa mbili za habari, nyumbani Alexandria saa kumi na moja. Sandukuni kuna barua ya idara ya samaki ya Alaska, upande mwingine wa nchi hii. Wanauliza juu ya samoni mkubwa aliyeandikwa kwenye leseni yangu ya uvuvi siku ya mwisho ya safari yetu, mimi na Mutiso, Julai. Nithibitishe kwa sahihi kwamba nilimvua mwenyewe.

Sikumvua. Daftari langu la siku ile: "Homa, kutapika. Nimebaki kibandani. Mutiso amekwenda na boti. Nimemwazima jaketi la mvua, lake limepasuka."

Leseni ilikuwa katika mfuko wa ndani wa jaketi. Alinirudishia leseni jioni, jaketi akabaki nalo. Leo nimeigeuza. Nyuma, panapoandikwa kila samaki mkubwa anayevuliwa, kuna samoni mmoja, kwa mwandiko wa Mutiso. Mimi, ninayesoma kila karatasi pande zote mbili.

Jumatano, 3 Septemba
Nimesoma barua tena, polepole. Nahodha aliandika mvuvi mmoja botini. Kwenye gati, mkaguzi alionyeshwa leseni mbili na samoni wawili wakubwa. Mgeni anaruhusiwa mmoja kwa siku. Halibati, yule samaki bapa tuliyemfuata mpaka huko mwisho wa dunia, hawana neno naye.

Mutiso ni rafiki yangu miaka kumi na tisa. Tulipofika nchi hii tulikaa chumba kimoja. Nataka kuwe na maelezo mengine. Sina.

Jumamosi, 6 Septemba
Kwa Mutiso, mji wa Bowie. Watu kama kumi, makaa nyuma ya nyumba. Mkewe, Ndinda, amenipokea na sahani. "Shemeji, samoni huyu ndiye yule wako! Nasikia mlipigana nusu saa."

"Leo mwandishi ametuletea habari yenye magamba," akasema mzee mmoja wa kanisa. Wakacheka. Mutiso aligeuza samaki juu ya makaa, hakuniangalia.

Nilimvuta kando ya gari, nikampa barua.

"Ah, kaka. Wewe umelala, leseni iko bure mfukoni. Samaki mmoja tu!"

"Ni jina langu, Mutiso."

"Sign tu, iishe. Mahojiano yangu ya uraia ni mwezi ujao. Unataka waanze kunichimba?"

Nimeondoka bila kula. Nina hasira. Pia namwonea huruma. Sipendi vyote viwili kwa pamoja.

Jumatatu, 8 Septemba
Jana nilikuwa karibu kutia sahihi. Kalamu ilikuwa mkononi. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Leo nimepiga simu idarani kwanza. Ndivyo ninavyofanya kazi. Ofisa, mama mmoja mtaratibu, amenisomea maelezo ambayo Mutiso aliwapa, ili niyajibu. Eti nilimpa leseni mwenyewe. Eti nilimwomba anivulie. Eti wazo lilikuwa langu.

Aliyatoa wiki mbili zilizopita. Wiki ileile alinipigia kunialika kula samaki.

Kumbe alishaniuza. Ombi la kutia sahihi lilikuja baadaye.

Jumanne, 9 Septemba
Jibu langu kwa idara, mistari minne. Nilikuwa mgonjwa. Sikuwa botini. Nilimwazima mwenzangu jaketi, si leseni. Samoni huyo si wangu. Sahihi.

Nimemtumia Mutiso nakala kabla ya kwenda posta. Nisingependa aisikie kwa mtu mwingine. Amejibu neno moja: "Sawa."

Huenda uraia wake ukachelewa. Najua. Nimeituma.

Alhamisi, 11 Septemba
Ndinda amepiga simu mara tatu. Sijapokea. Woga, labda.

Jumapili, 21 Septemba
Mvua tangu asubuhi. Nimerudi kutoka kanisani nikakuta jaketi langu la mvua limetundikwa kwenye kitasa cha mlango. Limefuliwa. Zipu imefungwa mpaka juu. Nimepekua mifuko yote, wa ndani mara mbili. Hakuna kitu.

Kwenye friza zimebaki pakiti mbili za halibati. Hao niliwavua mwenyewe. Tulizifunga pamoja, mimi na Mutiso, kila pakiti ya kutosha watu wawili. Nimetoa moja iyeyuke.