Nyumba Mbili za Nelly

Ifakara, 12 Januari 1999

Mdogo wangu Amedeus,

Hujambo? Sisi hatujambo, mvua tu ndiyo inatuzidi. Mama anakusalimu. Nelly wako kang'oka jino, anamchekea kila apitaye.

Kompyuta zetu hatimaye zinaelewana! Ya kwetu hapa mradi wa malaria ina lugha yake, yako huko maabara lugha nyingine kabisa, lakini hii XML yako, lugha ya kati ya kuandikia taarifa, imezipatanisha: kila taarifa na kibandiko chake, jina, umri, nyumba. Majibu ya damu yanarudi kwa simu siku ileile yanapotoka, karatasi inachapwa, nesi anapanda baiskeli kumpelekea mgonjwa nyumbani. Ila watu wa kwetu Namawala nimewaandikia nyumba mbili, ya kijijini na ya shamba. Kompyuta yako inazipokea zote mbili?

Dada yako, Frida

Dar es Salaam, 25 Januari 1999

Dada Frida, shikamoo.

Mimi nipo, kazi tu imenikalia kooni. Asanteni kwa kunilelea Nelly tangu mama yake atutoke.

Dada, mtu ana nyumba moja. Programu yangu ikikuta mbili inachukua ya kwanza, nyingine inaitupa, basi. Wala haigomi. Usijisumbue.

Mdogo wako, Amedeus

Ifakara, 16 Februari 1999

Amedeus,

Salamu. Afya ninayo, ila umeniudhi. Mtu ana nyumba moja! Wewe ndiye wa kusema hivyo? Umesahau tulivyokuwa tukifunga mlango na kuhamia dunguni, kibanda cha shamba, kulinda mpunga mpaka mavuno? Hata sasa mama yuko huko shamba na Nelly, nyumba ya kijijini ina kufuli. Na inayotangulia kwenye mashine yetu ni hiyo ya kijijini, siwezi kuigeuza. Tafadhali, rekebisha upande wako.

Dada yako, Frida

Dar es Salaam, 9 Machi 1999

Shikamoo dada. Huku salama, natumaini nanyi mko salama.

Nimekuelewa, usinune. Wakubwa wana wageni wa kuonyeshwa mfumo mwezi ujao, wamekataza kugusa chochote. Wakiondoka tu nitarekebisha, haki ya Mungu. Mwambie Nelly Pasaka namletea viatu vyekundu.

Mdogo wako, Amedeus

Ifakara, 20 Aprili 1999

Mdogo wangu,

Pole. Nikuulize hali, hali gani? Ulipokuja kuzika hukuniangalia usoni, ukaondoka bila kuuliza. Nakueleza hivyohivyo.

Nelly alipimwa damu palepale shamba. Akapewa klorokwini, homa ikashuka, mama akashukuru. Siku ya tatu jibu lako likarudi: dawa haimfai, abadilishiwe haraka. Mimi nilikuwa Lupiro, nafundisha wenzangu. Nesi mwingine akaifuata karatasi mpaka kijijini, akakuta kufuli. Akaichomeka mlangoni, akaenda zake. Mama yuko dunguni na mtoto, ng'ambo ya mfereji tu, Amedeus! Ng'ambo ya mfereji!

Homa ilirudi kwa nguvu. Mama akambeba kumkimbiza hospitali. Walipofika barabarani alikuwa ameshakata roho mgongoni mwake.

Siku ya msiba niliichomoa ile karatasi kabla mama hajaiona. Yeye anasema ni mapenzi ya Mungu. Tumwache aamini hivyo, ndiyo nguvu pekee aliyobaki nayo.

Dada yako, Frida

Dar es Salaam, 30 Mei 1999

Dada, shikamoo. Sijui niseme mzima.

Nimerekebisha. Sasa inapokea nyumba mbili, hata kumi, na yale majibu yote yaliyopotelea nyumba zenye kufuli nimeyarudisha upya, yaende kotekote. Nisingeweza kufanya kingine. Viatu viko hapa mezani, vinanitazama.

Mdogo wako, Amedeus

Ifakara, 14 Juni 1999

Mdogo wangu Amedeus,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa.

Programu yako inafanya kazi. Juzi mama alikuwa dunguni anapepeta mpunga, akaja nesi mgeni, Paskazia, hajui lolote la kwetu. Akamwamkia vizuri, akamkabidhi karatasi. Mama hajui kusoma, akamwomba amsomee. Naye akamsomea kwa sauti: Nelly Amedeus, abadilishiwe dawa haraka. Kisha akauliza mtoto yuko wapi.

Mama amekuja kwangu kwa miguu, na karatasi mkononi. Ameniuliza neno moja tu: kumbe dawa nyingine ilikuwepo?

Amekaa hapa mlangoni tangu jana, hali chakula. Panda treni, uje umjibu wewe.

Dada yako, Frida