Mke wa Marehemu Kuol

Jumanne, 26 Machi 2024

Basi nikamwambia pasta, huyo msichana si mke wa Thiik, ni mke wa Kuol! Akasema, Mama Amou, Kuol alikufa. Kama mimi sijui! Mimi ndiye nililetewa hiyo habari kambini Kakuma, kwa foleni ya maji, ndoo ikajaa ikamwagika, watu wakaanza kunitukana — wacha hiyo. Eseza, andika tu. Eseza ni jirani, Mganda, anashona nguo hapa Gumbo. Kidinka hajui, ndiyo maana tunatumia Kiswahili. Kalamu ni yake, maneno ni yangu. Asisomee mtu.

Mwanangu Kuol alienda vita bila mke. Kwetu mtu haachwi hivyo, jina ipotee. Mama anamwolea. Nikatoa ng'ombe, nikamwoa Atong kwa jina ya Kuol, na mdogo wake Thiik anamzalia ndugu yake. Adhieu, mtoto wa kwanza, ni wa Kuol. Khalas, imeisha.

Pasta Paulino anasema hiyo ni dhambi, na mimi ndiye nilipanga. Pasaka anabatiza mtoni. Nisimame mbele ya kanisa, niseme Atong ni mke wa Thiik. Nikikataa, nisiingie maji.

Na mimi naitaka hiyo maji! Miaka yote nimelala na hasira kama jiwe kwa kifua. Yesu aliitoa. Hiyo siwezi kudanganya.

Alhamisi, 28 Machi

Shemeji Kuach alikuja. Kwanza akanywa chai yangu vikombe vitatu, sukari ikaisha. Halafu akasema, haya, nenda mbinguni. Kuol akikuuliza watoto wake wako wapi, utamwambia umewagawa?

Pasta naye anasema Mungu ataniuliza. Huku naulizwa, huko naulizwa! Nitajificha wapi, mimi mwanamke wa magoti mabovu?

Ijumaa, 29 Machi

Adhieu alimwita Thiik baba. Nikamfinya mkono. Huyo ni baba mdogo! Mtoto akalia. Thiik aliangalia chini. Na amemzaa kweli, hata masikio ni yake.

Siku ya mateso ya Bwana, na mimi nafinya mtoto. Usiandike hiyo. — Haya, andika.

Jumamosi, 30 Machi

Nimemuuliza Atong mume wake ni nani. Miaka sita hakuna mtu amewahi kumuuliza! Alikuwa anasonga asida, tumbo mbele kama ngoma. Akacheka. Akasema, Mama, Kuol ni mume mzuri, hajanigombeza hata siku moja. Eseza alicheka mpaka akaangusha makasi.

Halafu Atong akaacha mwiko. Eti wewe ukitoka, Mama, ninamwita Thiik mume wangu. Ukirudi ninanyamaza.

Nikasema, sasa unataka nifanye nini? Akasema, si ni wewe ulinioa? Mimi nakungoja wewe.

Asida ikaungua. Tukaila hivyo hivyo.

Jumapili, 31 Machi

Eseza amenishonea gauni nyeupe. Kubwa! Nimekuwa hema. Lori ya kanisa inapita saa tatu. Atong ana uchungu tangu alfajiri, mkunga Jacinta yuko ndani naye.

Sijaamua. Nimeomba, nikasema: Bwana, na wewe mtoto wako aliuawa. Lakini wako alirudi siku ya tatu. Wangu namwekea nini, kama si jina? Hakunijibu. Labda alinijibu, nikashindwa kusikia kwa kelele ya hawa kuku.

Lori hiyo, inapiga honi. Wanaimba. Pasta mwenyewe ameshuka —

Ee! Mtoto amelia! Umesikia? Jacinta anaita, ni mvulana!

Jacinta ametoka mlangoni na kadi ya kliniki. Anauliza aandike baba ni nani. Thiik amesimama pale, mikono nyuma, kama mgeni. Atong anaita kutoka ndani, muulizeni Mama. Mama! Mama Amou!

Wote wananiangalia. Weka kalamu, Eseza, nishike mkono niinuke. Nakuja, binti yangu. Nakuja.