Koleo Chini ya Godoro la Idi

Kwako mama,

Shikamoo. Goti linasemaje siku hizi? Maji yanatoka, au bado mnachota kwa jirani? Sisi wazima, ila nimechoka; Idi anaota meno, hanipi usingizi.

Mama, kuna jambo linanikaa vibaya. Pale ninapofanya kazi, Al Khoudh hapa Maskati, amekuja mama yake bosi, anaitwa Bibi Nora. Kazaliwa Australia ila asili yao Ayalandi, na hadithi za huko alizipata kwa bibi yake. Akianza tu, wajukuu zake wanavaa hedifoni. Basi kamgeukia Salma, maana watoto naenda nao kazini. Nikajiuliza, kwa nini wangu?

Salma akaanza kunionya nisimsifie mdogo wake bila kumtaja Mungu, eti watu wa kilimani, mashetani wa hadithi za Bibi Nora, watambeba, watuachie mgonjwa wao. Haya, hilo hata wewe ungesema. Lakini juzi natandika pale kazini anapolala Idi, nakuta koleo la chuma, la kushikia makaa, chini ya godoro! Nikalichomoa, nikampelekea Bibi Nora. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga:

"Bibi, hili la nini?"

"La kumlinda. Hata mimi niliwekewa."

"Kumlinda na nani? Nani kakwambia mwanangu ana adui?"

"Na wale wa kilimani."

"Maskati hapa majabali matupu. Kilima chao kiko wapi?"

Akacheka. "Wanatufuata popote tulipo."

"Basi hao wageni wenu. Kwangu wasije."

Nikamrudishia koleo lake. Baba Salma ananitania: "Mtu wa Tanga mzima unaogopa mashetani ya Kizungu!" Acheke. Wewe uliniwekea kisu chini ya mto, najua, lakini wewe mama yangu. Mtu baki hamwekei mtoto wa mwenzie kitu kimyakimya. Nikamwambia Bibi wazi: hadithi mbele yangu, au basi.

Jana napiga pasi, namsikia Salma anamsimulia Idi ile ya mtoto kubadilishwa, kwa Kiswahili chetu, na wale watu wa kilimani kawapikia wali wa nazi. Bibi Nora kasimama mlangoni.

"Anasema nini?"

"Hadithi yako hiyo."

Machozi yakamlenga. Akaniuliza kama anaweza kukaa asikilize. Nilimwonea huruma, mama, lakini simwamini bado. Nikamvutia kiti. Idi nikampakata mimi.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nijibu.

Msalimie baba, na shangazi wa vitumbua, na mdogo wangu akazane na shule. Wajukuu wako wanakushika miguu.

Mwanao,
Mama Salma