Ndevu za Bwana Harusi

Ndugu yangu, nimenyoa ndevu zote za mteja mgeni. Zote!

Alisema kwa lugha yake, akagusa shavu. Si unanijua? Nisipoelewa, natikisa kichwa kukubali. Nikawasha mashine. Alipojiona kwenye kioo akaruka kitini, anafoka!

Mara binti yangu akaingia, katoka shule. Lugha ya mteja ndiyo ileile anayosoma huko, ninayomuulizaga kila siku, "Tutaila?"

"Baba, alitaka upunguze pembeni tu. Kesho anaoa!"

Kesho anaoa, bwana!

Mtoto akamwomba radhi, akaongeza maneno. Jamaa akacheka mpaka akakaa.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba mama alikukubali, na hujawahi kuota hata unywele kidevuni."

Hasara yangu: malipo ya kunyoa, na drafti zetu za jioni, maana sasa binti ananifundisha lugha hiyo. Tumeanza na "sijaelewa".